Swichi Janja ya Mtaa wa Asubuhi

Nchi yenyewe ipo. Msiitafute kwenye ramani, maana siku ya kuchapisha, Wizara ya Ramani iliifunika kwa kidole ili maadui wasiione, na kidole hakijaondolewa mpaka leo. Ni nchi nzuri sana. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Katika mji wake mkuu upo Mtaa wa Asubuhi, ulioitwa hivyo zamani kwa sababu ndio uliokuwa wa kwanza kupata jua.

Kisha ikajengwa Wizara ya Mwanga. Serikali ilitaka jengo lilingane na umuhimu wa mwanga, na kwa kuwa mwanga ni muhimu mno, ghorofa ziliwekwa juu ya ghorofa mpaka mafundi wa juu wakawa wanapelekewa chai ikifika imepoa. Jengo likasimama upande wa mashariki wa mtaa. Upande wa magharibi ikajengwa Idara ya Jioni, na kati ya majengo hayo mawili, juu kabisa ya mapaa ya watu, likapitishwa daraja pana la vioo vyeusi ili wakubwa wavuke bila kuchomwa na jua. Wizara ya Mwanga ilipozinduliwa, Mtaa wa Asubuhi ukaingia gizani mchana kweupe.

Huko ndiko alikokaa Siwema Kheri, mshona kofia. Si za mashine, la. Kofia za viua, zile ambazo kila kitundu hutobolewa kwa mkono na kuzungushiwa uzi, mpaka kofia nzima ikawa na vitundu vingi kuliko ahadi za uchaguzi. Katika nchi ile, mama wa bibi harusi ndiye anayemshonea mkwewe kofia ya kuingilia ndani. Asipokuwa nayo, bwana harusi hukaa kibarazani na suti yake mpaka watoto waanze kumcheka. Siwema alikuwa na binti mmoja, Raya, na Raya alikuwa na mchumba, na kofia ya mchumba ilikuwa imefika nusu siku jua lilipokatika.

Serikali haikuwatupa. Ilileta mafundi wakang'oa swichi za zamani, zile unazobonyeza taa ikawaka, ukabonyeza tena ikazima, jambo ambalo wizara iliona ni la kishamba. Mahali pake wakafunga swichi janja: kioo cheusi ukutani, laini, kizuri, ambacho mwenye nyumba hana ruhusa ya kukigusa kwa sababu kinaamrishwa kwa simu kutoka wizarani. Darini wakatundika balbu za LED. Mkurugenzi wa Ufifishaji, Dokta Ngwali, akaja na mkasi kukata utepe uliofungwa mlangoni kwa Siwema.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mwanga ukizidi huumiza macho! Macho yakiumia, hamtayaona maendeleo! Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kuwapimia mwanga, kila mtu kwa kimo chake!"

Wengine walipiga makofi na wengine hawakupiga, lakini gizani haikujulikana.

Vimo vyenyewe vilikuwa hivi. Mwananchi wa kawaida alipewa mwanga wa robo. Mwenye cheo alivaa beji kifuani, na swichi ikiiona beji inaingia chumbani, taa hupanda hadi ngazi ya mwenye beji. Akitoka, hushuka tena. Diwani alikuwa wa nusu, Mkuu wa Mkoa wa robo tatu, na Waziri alikuwa na mwanga wote. Ngazi ya Mtukufu mwenyewe haikutajwa hadharani, ila ilisemekana nyumbani kwake watu huenda chooni na miwani ya jua.

Basi simu ikaamrisha robo. Na balbu zikakataa.

Zilipepesa. Zilivuma kama nzi kwenye chupa. Zilififia, zikawaka zote, zikafifia tena, na hata simu ikizizima kabisa zilibaki na kimwanga cha kuchungulia. Sababu yake haikuwa ya ajabu: zilikuwa balbu zisizofifishwa. Kwenye boksi iliandikwa wazi, kwa herufi ndogo, kwamba zisifungwe kamwe kwenye swichi ya kufifisha. Lakini kusoma herufi ndogo kiasi kile kulihitaji mwanga wa ngazi ya Waziri, na Waziri hasomi mwenyewe. Anaye msomaji wake, na msomaji huyo alikuwa wa ngazi ya robo.

Serikali haikukurupuka kulaumu boksi. Iliunda Tume ya Kuchunguza Ukaidi wa Balbu. Tume ilipofika kwa Siwema, mwenyekiti wake alisimama chini ya taa mikono nyuma, akiitazama kwa uchungu.

"Mama, balbu hii umeiambia nini?"

"Mie, baba? Nimeiambia nini balbu?"

"Inapepesa. Na taarifa tulizonazo ni kwamba ilipepesa wakati hotuba ya Mtukufu inasomwa redioni."

"Hata mimi nilipepesa," alisema Siwema. "Au na kope mmeziletea swichi?"

Mwenyekiti akaandika kwamba mwenye nyumba ana mdomo. Tume ilihitimisha kuwa balbu zilichochewa, haikusema na nani, na zikaletwa nyingine, za kufifishwa hasa, zilizokubaliana na swichi. Hizo zilitii. Zilishuka robo zikatulia tuli, bila kuvuma, bila kupepesa, mwanga mwepesi kama mchuzi wa maji. Hapo ndipo watu walipozikumbuka zile za kwanza, kwani katika kule kupepesa kwao mtu alipata walau dakika ya kuona sufuria yake. Siwema aliifuta vumbi ile balbu kaidi, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka kwenye kopo la sukari. Mafundi walipokuja kuzikusanya alisema imevunjika.

*

Kushona kwa robo ni mateso. Uzi ulipita kulia kwa sindano, ukapita kushoto, Siwema akaulowesha mate na kuanza upya. Alijidunga vidole mpaka akawa hahisi tena. Safu ya vitundu aliyoishona kwa juhudi zake zote, alipoipapasa kwa ncha ya kidole, aliikuta imepinda. Akaifumua. Akaishona tena, ikapinda upande mwingine, akaifumua. Macho yalimtoka machozi siku nzima, na siku moja aliokota uzi mweusi akidhani ni mweupe, akashona nao kwa furaha mpaka Raya alipomwambia. Aliogopa siku ile. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa sana, maana macho ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Upande wa bwana harusi ulituma salamu. Wanamheshimu mama, wanampenda Raya, ila mwezi wa mfungo unakaribia, na kijana wao hawezi kuchumbia mpaka azeeke.

"Mama, tununue ya dukani," alisema Raya.

"Ya dukani aingie nayo dukani. Hapa kwangu ataingia na yangu."

"Na usipoimaliza?"

Siwema aliulowesha uzi kwa mate. Alikuwa akitafuta tundu la sindano.

Msaada ulitoka kusikotegemewa. Jirani yao, mzee Shaali, alifariki kwa uzee wake, watu wakatandika mikeka, na Diwani Mabruki akaja kutoa rambirambi. Diwani huyu hakukosa msiba hata mmoja, kwani msibani ndiko watu hukaa chini wakasikiliza. Alipokanyaga kizingiti na beji yake, taa ikapanda hadi nusu. Wafiwa wakaonana nyuso. Bi Mgeni, jirani wa mlango wa pili, akagundua kuwa amekuja amevaa kanga mbili zisizofanana, na kabla Diwani hajamaliza kusema "Inna lillahi" alikuwa ameshateremsha ungo kutoka kwenye rafu na kuanza kupekua mchele, maana kwa wiki nzima alikuwa akitafuna changarawe. Mwingine akamlaza mwanawe mapajani kumtoa mwiba. Mwingine akatoa barua ya shule. Siwema alichomoa kofia chini ya kanga, akatunga uzi, akashona.

Diwani alipofika mwisho wa hotuba na kutaka kuinuka, sauti za wanawake zilimzuia.

"Endelea, mheshimiwa!"

"Ndiyo kwanza unatuliza mioyo yetu!"

"Tueleze na ule mradi wa mtaro!"

Hakuna aliyewahi kumwomba Diwani Mabruki aueleze mradi wa mtaro. Machozi yalimlengalenga. Aliueleza wote, kutoka unakochimbwa hadi unakokwama, na Siwema akashona safu nzima iliyonyooka. Toka siku hiyo misiba ya Mtaa wa Asubuhi ikajaa watu mpaka barabarani. Kila mwenye kazi ya macho aliingoja. Diwani akavimba kichwa, akawa anasema kwa wenzake kwamba wananchi wake wanamsikiliza huku wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu.

Lakini wizarani wana hesabu zao za umeme, na Dokta Ngwali akaona Mtaa wa Asubuhi unatumia nusu za watu. Ikatangazwa Amri ya Mikono Mitupu: msibani haendi mtu na sindano, ungo, barua wala chochote kinachohitaji kuonekana. Huzuni, amri ilisema, haina haja ya mwanga.

Kisha Dokta Ngwali akamjia Siwema mwenyewe. Beji yake ilikuwa ya nusu na kidogo. Akavuta kigoda, akaweka mezani kijisanduku.

"Bi Siwema, serikali haina kinyongo na wewe. Sherehe za Mtukufu zinakaribia, naye anataka kofia ya viua. Tumeambiwa mkono wako hauna mfano." Akafungua kijisanduku, ndani mlikuwa na beji. "Mshonaji wa Taifa. Ukiivaa, nyumba yako inakuwa ya nusu maisha yako yote."

Siwema aliitazama beji ile. Sitawadanganya kwamba hakuitamani. Aliitamani mpaka mate yakamjaa. Katika ule mwanga wa Dokta Ngwali aliweza kuiona kofia ya mkwewe pale mkekani, ikiwa imebakiza safu chache tu za mwisho.

"Na ya mkwe wangu nitaimaliza?"

"Aa, hapana. Mshonaji wa Taifa hashonei watu."

"Na jirani zangu?"

"Watabaki na kimo chao."

Siwema aliinuka, akaenda kwenye kopo la sukari, akafungua kitambaa na kuishika balbu kaidi mbele ya uso wa Mkurugenzi.

"Baba, hii unaikumbuka? Haikwenda shule. Haina mtoto wala mkwe. Mkaiambia ishuke, ikakataa mbele ya tume nzima. Sasa mimi, niliyehitimu Kurani chuoni, nikazaa na nikalea, niwe mnyonge kuliko balbu? Chukua beji yako."

"Utajuta, Bi Siwema."

"Majuto yangu nitayashona hivyo hivyo kwa robo. Kwaheri baba, mlango ni huo, uangalie usijikwae. Ukitoka tu panakuwa kiza."

*

Siku ya pili yake, kilio kikasikika nyumbani kwa Siwema.

Mikeka ikatandikwa. Raya akafunga kitambaa cheusi mlangoni. Bi Mgeni akaingia akilia kwa sauti iliyofika hadi Idara ya Jioni, na wanawake wa mtaa mzima wakamfuata, kanga zimebanwa kwapani. Katika nchi ile mfiwa haulizwi nani amekufa. Ni utovu wa adabu. Unaingia, unasema "poleni", unakaa, unalia kidogo, na habari utazipata ukitoka. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Diwani Mabruki akafika mbio, taa ikapanda nusu. Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa haipendi sifa ya Diwani inavyokua, alipopata habari kwamba kuna msiba mkubwa kuliko misiba yote, naye akafika. Taa ikapanda robo tatu. Waziri wa Mwanga alikuwa akivuka daraja la vioo, akachungulia chini, akaona umati. Waziri haoni umati akaupita. Akateremka na waandishi wa redio, wakaunganisha mitambo, matangazo yakaenda moja kwa moja nchi nzima.

Alipoingia na beji yake, chumba cha Siwema kiliwaka mwanga wote. Kuta zilionekana. Picha ya marehemu mumewe Siwema, iliyokuwa imefunikwa na kiza muda wote ule, ilionekana inacheka. Watu walifumba macho kwanza, kisha wakayafumbua taratibu.

Waziri akashika kipaza sauti. Hotuba yake ya rambirambi ilikuwa moja kwa misiba yote, hata ya waliokufa kwa uzee, na aliijua kwa moyo.

"Marehemu alikuwa wa watu!" alisema. "Aliamka mapema kuliko sisi sote! Hakubagua tajiri wala maskini! Kila nyumba aliingia!"

"Kweli kabisa!" wanawake waliitikia, na safari hii walilia kwa dhati.

"Pengo aliloliacha halizibiki! Nasema mbele ya taifa zima: serikali haitalala mpaka aliyehusika na kifo hiki apatikane! Awe mdogo, awe mkubwa! Na hasa akiwa mkubwa!"

Ndipo kanga zilipofunuliwa. Sindano zikatoka, nyungo zikatoka, barua, miwani, vitabu vya watoto, shati lililokatika vifungo. Zilitoka mbele ya Waziri, mbele ya Mkuu wa Mkoa, mbele ya Dokta Ngwali aliyekuwa amemfuata Waziri na kusimama nje ya kizingiti akibadilika rangi. Siwema alikaa katikati na kofia yake, akashona waziwazi, kila kitundu mahali pake.

"Nini hiki?" Waziri alimnong'oneza Diwani. Kisha, kwa kuwa redio ilikuwa hewani na hakutaka kuonekana amekasirika, alimgeukia Siwema kwa sauti ya upole. "Mama mfiwa, hebu waeleze wasikilizaji. Marehemu ni nani?"

Siwema alikata uzi kwa meno. Alinyoosha kidole kuelekea dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa Wizara ya Mwanga.

"Ni jua letu la asubuhi, mheshimiwa. Lilikuwa likiingia kwa dirisha lile. Likianzia kwangu, likaenda kwa Bi Mgeni, likamaliza mtaa wote. Tunakushukuru kwa maneno yako. Aliyeliua umeahidi kumtafuta, wala hatakusumbua. Anaonekana kutoka hapa."

Nchi nzima ilisikia Waziri akimeza mate.

Alitoka bila kuaga. Beji ilipovuka kizingiti mwanga ulianguka, Mkuu wa Mkoa akatoka ukaanguka tena, Diwani akasita, akatazama nyuma, naye akatoka. Ikabaki robo. Kofia ya mkwe ilikuwa imebakiza kitundu kimoja cha juu kabisa.

"Tumekosa," alisema Raya.

"Nani amekosa? Inua mkeka huo, mwanangu. Msiba si lazima ukae kwa mfiwa."

*

Wakauhamisha. Walipita chini ya daraja la vioo, mikeka kichwani, nyungo mkononi, wakaligunia na kulizunguka jengo hadi upande wake wa pili, ambako wizara ina bustani yake ya majani mabichi isiyokanyagwa na mtu. Na huko, jamani, jua lilikuwepo. Lilikuwa limemwagika majanini bure kabisa, halina wa kulitumia. Bi Mgeni aliuweka ungo chini, akasimama tu, uso juu, akilia na kucheka pamoja.

Polisi wakaja. Siwema aliwakaribisha mkekani.

"Karibuni, baba zangu. Tumeuleta msiba kwa aliyehusika. Mheshimiwa Waziri ndiye aliyeufungua."

Sajini alikuwa na redio mfukoni. Hotuba ya Waziri ilikuwa ikirudiwa, maana hakuna aliyepata ujasiri wa kuwaamuru watangazaji waizime: serikali haitalala mpaka aliyehusika apatikane. Sajini aliisikiliza, akalitazama jengo, akalitazama mpaka kule juu lilikoishia. Kisha akavua kofia na kusema, "Poleni sana," akaketi, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya msibani.

Hapo Dokta Ngwali akatoka mbio ndani ya wizara, simu mkononi.

"Matanga haya mtayaanua lini?"

"Matanga huanuliwa marehemu akishazikwa," alisema Siwema. "Huyu wetu hatumziki. Tunakaa naye hapa hapa mpaka mtupishie njia arudi nyumbani."

"Nitawashusha! Nawashusha sasa hivi!"

Akaweka kidole kwenye simu na kukiteremsha. Akateremsha kutoka robo mpaka chini ya robo, mpaka chini kabisa, mpaka mahali ambapo hata zile balbu tiifu zilipepesa mara ya mwisho na kufa. Kule Mtaa wa Asubuhi, katika nyumba zisizo na mtu, taa zote zilizimika.

Bustanini hakuna aliyetambua. Siwema aliinua sindano usawa wa jicho, akapitisha uzi mara moja ukapita, akakishona kitundu cha mwisho.